Sungura Wasiotembelewa

Xavérine Mukabalisa
Gitega, Kigali
Agosti 1991

Kwa Daktari Keith,
Mkuu wa Maabara ya Sungura, hapo juu yetu

Mheshimiwa Daktari,

Salamu nyingi na heshima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda hukijui, Kifaransa kinakutesa, na mume wangu Frederick anasema Kiswahili ulikizoea ulipokuwa Tanzania. Mimi changu nilikuja nacho kutoka Bujumbura nilipoolewa. Tutaelewana.

Frederick ndiye aliyekuwa akiwalisha sungura wako mpaka Jumatatu ulipomfukuza. Naomba arudishwe kazini. Tena nalalamika, kama ifuatavyo:

1. Frederick alinieleza kwamba sungura wanatiwa ugonjwa wa malale, wengine wanapewa dawa mpya na wengine hawapewi, ili siku moja binadamu wapone. Kazi nzuri, sina neno. Lakini nilipomuuliza nani anakwenda kuwaona wagonjwa hao, akasema hakuna. Daktari, nililia. Hapa kwetu mtu akiumwa hata jino, majirani wanajaa uani. Hao wanaumwa kwa ajili yetu sisi sote, na hajatokea hata mmoja wa kuwapigia hodi.

2. Kwa hiyo chama chetu cha kutembelea wagonjwa, chini ya mwenyekiti wetu Mama Pudentienne, kilivaa vitenge vya kanisani, kikabeba uji wa mtama, majani mabichi na ikigage kidogo. Hiyo ikigage, pombe yetu ya mtama, ilikuwa ya wageni, sungura hawakuonjeshwa. Tulikuja mchana kweupe, wewe ukiwa umekwenda Kabuga. Frederick alitufungulia. Watu wamekuja kumwona mgonjwa, wana uji mkononi, angewafukuza kwa uso gani? Hilo ndilo kosa lake lote.

3. Tuliyoyakuta yalituumiza. Kila sungura amefungiwa peke yake, kama aliyekosa adabu. Sisi mgonjwa hatumwachi peke yake, anaweza kuanza kufikiri mambo. Tukafungua vizimba, tukawaweka wote pamoja, wakalala wameegemeana. Mama Pudentienne akasali rozari. Namba zako zilizobandikwa kwenye vizimba hatukuzigusa, ziko palepale.

4. Uliporudi ulishika kichwa, ukasema mbele ya wanawake wazima: "Sasa nitajuaje nani amepona kwa dawa na nani amepona kwa uji?" Daktari, mgonjwa akipona sisi hatumhoji. Tunashukuru Mungu, tunakwenda nyumbani. Tena mimi mwenyewe nilimwona mmoja aliyekuwa amelegea, baada ya uji akatikisa pua. Kama wewe ni mtu wa utafiti, ungemwita Mama Pudentienne ukamuuliza alivyoupika.

5. Nasikia sungura akifa anafukiwa nyuma ya jengo, basi, yamekwisha. Hakuna anayepewa habari, hakuna anayeketi matanga. Ni aibu. Tuko tayari kuja na mikeka yetu.

6. Kwa hayo yote naomba saa za kuwaona wagonjwa zibandikwe getini, liwekwe benchi la wageni chini ya kivuli, na uji uingizwe katika utafiti wako kwa jina la mwenyekiti wetu. Na Frederick arudi. Anakaa mlangoni siku nzima anatazama huko juu kwako, na mimi siwezi kumtazama.

Wasalimie mama watoto wako, mlinzi wako aliyenikunjia uso, na sungura wote, hasa yule ambaye sikio lake moja limelala. Frederick anamuulizia kila asubuhi.

Ni mimi, kwa uchungu lakini kwa heshima,
Xavérine Mukabalisa

N.B. Kabla sijaileta barua hii, Frederick ameshikwa na homa kali, na habari zimeenea. Uani hakuna pa kukanyaga. Kila nyumba imeleta uji, na aliyeleta haondoki mpaka amwone akiumeza. Mama Pudentienne amehamishia rozari kitandani kwetu. Wanaume wanakunywa ikigage na kubishana juu ya dawa, kila mmoja na ya shangazi yake. Akifumba macho wanamwamsha kumuuliza kama amelala. Uji wote huo, na homa iko palepale. Naogopa, Daktari. Leo asubuhi amenivuta sikio akaninong'oneza: "Niombee kizimba na mimi."

Basi yafute yote niliyoandika, isipokuwa lile la kazi yake. Vijana watamleta kwa ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa. Wakifika getini mpokee, kisha ufunge. Mpe dawa, na uandike vizuri kwamba ni dawa. Mlinzi asimruhusu mtu yeyote kuingia, akunje uso vilevile, hasa akimwona Mama Pudentienne.

Mimi tu aniruhusu. Nitakuja bila uji.