Shimo la Kidosho

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Habari mbaya kabla ya chai. Mama mkwe kapiga simu. Anakuja mwisho wa mwezi kumwona Kidosho. Si binti yake, si mimi mkwewe. Ng'ombe! Kidosho tulipewa na yeye mwenyewe, akiwa mtamba mnono, na sasa kasikia kwamba mbavu zake zinaonekana mtu akiwa barabarani. Kasema akimkuta bado amekonda, anamhamishia kwa shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, anaishi ng'ambo ya ua. Maneno kayapeleka yeye, sina shaka. Ana ng'ombe watatu wanaong'aa na mdomo usiofungwa.

Mke wangu aliinuka. Alikwenda bandani akasimama na Kidosho, mkono shingoni. Maziwa yale ndiyo chai yetu, ndiyo sabuni, ndiyo ada ya shule. Na anampenda mno yule ng'ombe. Roho iliniuma. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mungu si Athumani! Bwana mifugo kaja kutufundisha kwenye kikundi chetu cha wafugaji. Mambo ya saileji, yaani majani ya kuvundika. Unakata mahindi yangali mabichi, unayakatakata vipande vifupi, unanyunyizia molasi, ule urojo mtamu wa miwa, unashindilia shimoni mpaka hewa yote itoke, unafunika kwa nailoni na udongo. Baada ya wiki kadhaa unafungua, mnyama anakula kiangazi chote. Tena ananenepa! Kumbe rahisi hivi, na sisi miaka yote tunamtafunisha Kidosho mabua makavu.

Mwishoni kasisitiza jambo fulani kwa kunyoosha kidole. Sikulipata vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kumweleza mwenzangu jinsi nitakavyofanya.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Shimo tayari! Refu, safi, kutoka dirisha la jikoni mpaka kwenye ua wa shemeji. Mke wangu alikata mahindi, mimi nilisimamia. Kisha nikaingia kukanyaga. Nilikanyaga kwa mbwembwe, maana shemeji alikuwa anachungulia. Molasi ilinirukia mpaka magotini. Nyuki wakapata habari. Nilitoka mle mbio mbio nikazunguka nyumba, shemeji akacheka hadi akakaa chini. Mke wangu kamalizia kufunika peke yake.

Naye kachimba shimo lake. Kaiga, bila shaka.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimechungulia. Kidogo tu, upande wa jikoni. Harufu nzuri, rangi nzuri. Mke wangu kanikuta nimeinua nailoni, akang'aka. Eti bwana mifugo alisema shimo lisiguswe kabisa mpaka siku ya kufungua. Ndicho kile kidole. Nikamwambia hata chungu cha maharage hufunuliwa mtu akaonja chumvi. Kaniangalia sana. Nadhani hoja ilimwingia.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Umaarufu! Mchukua maziwa kaomba kuona. Nikamfunulia. Fundi baiskeli naye, nikamfunulia. Mwenyekiti wa kikundi kapita kusalimia tu, hakuomba chochote, nikamfunulia hivyo hivyo. Wote wamevuta harufu, wakatikisa vichwa. Mwenyekiti kauliza kama inaruhusiwa kufunua. Nikamjibu kwamba mwenye shimo ni mimi.

Shimo la shemeji limekaa tu na udongo wake, hata majani yameanza kuota juu. Masikini, hajui ndani kuna nini. Anaishije?

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Mke wangu kalalamika tena kuhusu kufunua. Sawa, mimi ni mtu wa kusikiliza. Sifunui tena. Nimetoboa tundu kwenye nailoni, ukubwa wa ngumi, nikaliziba kwa gunzi. Ukitaka kuona, unachomoa gunzi. Ukimaliza, unalirudisha. Hakuna aliyewahi kufikiria hili! Nimechomoa asubuhi, mchana, na jioni nikarudia kwa sababu mchana sikuona vizuri.

Jumatatu, tarehe 25 Agosti

Kuna harufu. Siyo ile ya mwanzo.

Mke wangu anasema inanuka kama soksi za mlinzi. Mimi nasema ndiyo inaiva. Nimeingiza mkono tunduni, ukatoka na kitu cheupe chenye manyoya, na chini yake cheusi, tena cha moto. Nikampelekea Kidosho kidogo anuse. Alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta wa banda.

Sijalala mchana leo. Na mimi mchana silali bure tu, nalala kwa moyo wote.

Ijumaa, tarehe 29 Agosti

Kesho ndiyo kesho. Mke wangu kamsugua Kidosho kwa maji ya uvuguvugu, kampiga brashi, kamchana mkia. Mbavu ziko pale pale. Alinigeukia akaniuliza kwa upole kama nina mpango. Ukali wake nimeuzoea. Upole ule ulinitisha.

Mpango ninao! Wachuuzi wa mnadani hufanya hivi kila siku: asubuhi unamlambisha ng'ombe chumvi, anapata kiu, anakunywa maji mpaka tumbo linajaa, anaonekana mnene. Mama mkwe ataona tumbo. Nani anaangalia mbavu penye tumbo?

Jumamosi, tarehe 30 Agosti

Chumvi ilifanya kazi. Kidosho kanywa ndoo yake, kanywa ya kufulia, kisha kaingiza kichwa kwenye pipa la jikoni. Tumbo kama ngoma! Mama mkwe kafika na shemeji. Nimemwamkia, kaitikia macho yakiwa kwenye tumbo. Nikaona kashangaa. Nikaanza kumweleza kuhusu lishe bora.

Hapo Kidosho akaanza kukojoa.

Sijapata kuona jambo kama lile. Nilieleza habari za molasi, anakojoa. Nikageukia kushindilia, anakojoa. Mama mkwe alisogeza viatu, halafu akasogeza tena. Tumbo likashuka mbele ya macho yetu, mbavu zikatoka moja moja kusalimia wageni. Shemeji alikuwa ameuma kanga ya mama yake asicheke.

Mama mkwe hakucheka. Kaniuliza liko wapi hilo shimo linalosifiwa. Kachomoa gunzi mwenyewe, kanusa, kalirudisha. Kisha kamwambia shemeji alete kamba.

Mke wangu aligeukia ukuta. Niliumia, sina utani katika hili. Ningekuwa na pembe ningejifunga mimi hiyo kamba nipelekwe kwa shemeji badala ya Kidosho.

Halafu mke wangu kajifuta uso, kachukua jembe, kapita katikati yetu. Kaenda ncha ile nyingine ya shimo, ile ya kwenye ua, alikopanga mzigo wake wa kuni. Kule sijawahi kufunua. Si kwa uadilifu. Kuni zile ni nzito. Kazishusha, kaondoa udongo, kafunua.

Jamani! Majani yenye rangi ya kijani-manjano, yananukia kama pipi kali. Hakuna unyoya hata mmoja! Kidosho aliinua kichwa, akanusa, akamkokota shemeji na kamba yake mpaka pale. Akala kwa kelele. Mama mkwe alichota kiganjani, akanusa mara mbili, akamkumbatia binti yake. Wote wawili wakalia. Na mimi nikalia, ingawa hakuna aliyenikumbatia.

Hukumu: ng'ombe habanduki. Nusu iliyooza imefukiwa na mimi mwenyewe. Na mama mkwe hataki tena kupata habari kwa mdomo wa shemeji, wala kuniachia mimi shimo, kwa hiyo anakaa hapa hapa mpaka mvua. Kiti chake kimewekwa juu ya nailoni.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Maisha matamu! Maziwa yameongezeka, mchukua maziwa kaja na kopo kubwa zaidi. Mbavu za Kidosho zinazama. Mke wangu anaimba bandani, nami husikiliza nikiwa kitandani. Hata shemeji kaleta kikapu cha saileji yake kufidia ile iliyooza. Nimeipokea kwa niaba ya familia.

Jana kikundini nilisimama nikatoa somo. Nimewaambia siri ni kuni. Ukiweka kuni juu haiozi, usipoweka inaoza, nimeona kwa macho yangu. Bwana mifugo kashika kichwa. Kaguswa.

Nimelitafakari pia lile tundu. Watu wananionea. Kosa halikuwa tundu, kosa ni kwamba lilikuwa upande wa upepo. Tundu dogo, upande wa pili, gunzi jembamba, lingedhuru nini? Mke wangu kila asubuhi hufunua kidogo tu, huchukua kinachotosha siku hiyo na kufunika haraka, hata huoni vizuri. Huko ndani kukoje sasa? Mtu mwenye shimo lake anakosa kujua!

Naweka kalamu hapa. Mama mkwe kaenda kuoga, na mama mkwe haogi haraka.