Kiti cha Muuguzi wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Wagonjwa themanini na wawili. Muuguzi mmoja. Huyo mmoja ni mimi, na leo miguu imevimba mpaka viatu vimenikana.

Mwenzangu alihamishwa miezi minne iliyopita. Kiti chake kiko palepale, kimekaliwa na maboksi ya glavu. Ofisi kuu wanasema mbadala wake yuko njiani. Njia gani hiyo? Hata kobe angeshafika, angeshasaini, angeshaomba likizo.

Sijisifu, lakini mimi si mtu wa kubabaishwa na foleni. Darasani sikukaa sana, kweli. Shule yangu ilikuwa zahanati za kambi za ujenzi, nchi tatu. Nimewafunga bendeji watu wa lugha kumi na moja, na wote wanalia kwa lugha moja.

Ila leo. Naandika mara moja tu, nisirudie.

Saa sita mchana, chanjo. Mama Mapacha kaleta wanawe, wamefanana kana kwamba wamekatwa kwa mkasi mmoja. Nikamchoma wa kwanza. Mtu akaniita dirisha la dawa. Mgonjwa mwingine akateleza kutoka kwenye benchi, nikamwinua. Nikarudi, nikavuta dawa, nikashika paja. Mama yao akanidaka mkono.

"Daktari, huyo ushamchoma."

(Wengi huniita daktari. Siwasahihishi. Kumsahihisha mgonjwa ni utovu wa adabu.)

Hakupaza sauti. Alisema taratibu, kama unavyomwambia mtu kifungo chake kimefunguka. Nikacheka. Nikasema nilikuwa nampima yeye, kama yuko macho. Benchi zima likacheka. Kisha nikaingia stoo, nikakaa juu ya katoni ya pamba mpaka waliponiita.

Muuguzi wa pili lazima apatikane. Kabla sijamdhuru mtoto wa watu.

Jumanne, 4 Machi

Habari njema! Mkaguzi wa ofisi kuu anakuja Alhamisi, kuangalia kama kweli tunahitaji mtu wa pili.

Aliyenipa habari ni karani wa kadi. Tunamwita Bibi Muhuri, maana hata mbuzi akisimama mbele yake dakika moja anagongwa muhuri. Hatuelewani sana. Anasema mwandiko wangu ni kama kuku aliyepita na miguu mibichi. Mimi nasema kuku huyo ana haraka.

Nina mpango. Alhamisi nitafanya kazi polepole, kwa makusudi. Mkaguzi akifika saa nne akute foleni imetoka hadi barabarani, watoto wanalia, maboksi yamezagaa, na mimi katikati, shati nje, jasho mpaka kwenye soksi. Hatauliza kitu. Atampigia simu muuguzi wa pili akiwa amesimama palepale.

Nikamweleza Muhuri. Akasema mpango hauna shida, shida ni mdomo wangu. Yeye angemkabidhi mkaguzi karatasi moja tu: wagonjwa wangapi, watumishi wangapi, na kisa cha mapacha. Nikamwambia wakubwa hawashawishiki kwa karatasi, wanazo tele. Mkubwa hushawishika kwa macho. Na kisa cha mapacha hakiandikwi. Akasema haya.

Nyumbani mama watoto amenikanda miguu kwa maji ya chumvi. Akauliza lini nitakula nao mezani nikiwa macho. Nikamwambia wiki hii yote yanaisha. Akasema sawa, kwa ile sauti yake ambayo maana yake si sawa.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya uzembe. Msidhani ni kazi rahisi, wenzetu wamezaliwa nao.

Mgonjwa wa kwanza, mzee wa pumu. Huwezi kumshughulikia mtu wa pumu polepole. Wa pili, kidonda kinatoa usaha. Nacho hakisubiri. Wa tatu alikuwa na mafua tu, nikaona huyu ndiye. Nikachukua dakika tano kutafuta kalamu. Akanionea huruma, akaniambia nikapumzike, yeye atarudi kesho. Nikaona aibu nikamhudumia haraka kuliko wote.

Mama Mapacha naye karudi, pacha mmoja kapata homa. Homa ya kawaida ya chanjo. Lakini kaja na kalamu ya wino mzito: kawachora watoto alama ya vema pajani, kila mmoja, ijulikane nani kachomwa. Akina mama wengine wakaona, wakaiazima. Leo kila nikichoma, mama anachora. Nilitaka kukasirika. Halafu nikamwomba aiache kalamu.

Muhuri akasema hatimaye kliniki hii imepata mtunza kumbukumbu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku yenyewe.

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu arobaini barazani. Mjamzito amesimama, benchi limejaa. Nikaondoa maboksi ya glavu, nikamkalisha kwenye kile kiti. Nikamwangalia na presha, kwa kuwa nimeshamkalisha. Binti mmoja kaungua mkono kwa maji ya moto. Nikasema huyu tu, mpango unaanza na anayefuata. Anayefuata alikuwa mtoto.

Saa nne kamili baraza lilikuwa jeupe! Mkaguzi, viatu vinang'aa, akakuta watu watano: mjamzito anapumzika, mzee wa pumu kaja kuniamkia, binti anasubiri dawa ikauke afungwe bendeji, mtu wa kikohozi, na bibi mmoja aliyeingia kuuliza njia. Sakafu safi. Viti viwili, vyote havina vumbi.

Akauliza habari za kazi.

Sasa nijibu nini? Ukiulizwa habari za kazi unasema nzuri. Hata nyumba ikiwa inawaka, unasema nzuri, ndipo unaomba maji. Nikasema nzuri, nikavuta pumzi ya kuomba maji. Mkaguzi kashaandika. Nimeliona neno kwenye fomu: nzuri.

Hapo Muhuri akatoka kwenye kidirisha chake, hajaitwa na mtu. Akamwambia mkaguzi, bila kupepesa, wagonjwa themanini kwa siku, mtu mmoja, na kwamba Jumatatu mtoto aliponea chupuchupu kuchomwa mara mbili. Mkaguzi akavua miwani, akanigeukia. Si mtu mbaya, nilimwona usoni.

"Mzee wangu, niambie kweli. Peke yako unaweza?"

Jibu lilikuwa neno moja. Lilikuwa limefika kwenye meno. Nikatazama benchi. Mjamzito ananitazama. Mzee wa pumu ananitazama. Hata bibi wa kuuliza njia kakaa chini, ananitazama. Ukiwaambia anayewashika mkono hawezi, kesho watampa nani mkono?

"Mimi, mheshimiwa? Niongezee na kliniki nyingine."

Benchi likapiga makofi. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kama kwa sekunde sita. Muhuri hakupiga. Alirudi kwenye kidirisha chake, akakifunga taratibu, na kile hakifungwagi mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Tisini na mmoja.

Muhuri hanisemeshi. Anapitisha kadi chini ya dirisha kama anamlisha mfungwa. Nikamwita "dada yangu". Akasema leo mimi na yeye si ndugu, yeye ni karani.

Mchana, wakati wa chanjo, macho yangu yalikuwa yanaona kila mtoto wawili. Nikasikia kiti kinaburutwa. Muhuri kakaa kwenye kile kiti, rundo la kadi mapajani. Kabla ya kila sindano akasoma kwa sauti: jina, umri, chanjo ya ngapi. Si kazi yake. Nyuma dirishani watu wananung'unika, hakujali. Watoto ishirini na saba. Hakunitazama hata mara moja.

Nilitaka kumwambia asante, ikatoka utani kuhusu sauti yake kufaa redioni. Akabeba kadi zake akaenda.

Jumatatu, 10 Machi

Barua.

Ofisi kuu inanipongeza kwa ari. Kwa kuzingatia hali nzuri iliyoonekana, na utayari wangu niliouonyesha mbele ya mashahidi, muuguzi aliyekuwa ameandaliwa kuja kwetu amepelekwa kwingine. Aidha, kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nane mchana, nitahudumu pia katika kliniki ya mtaa wa pili.

Nimeisoma mara tatu. Neno "ari" wamelikolezea wino. Wanajua kuandika hawa.

Muhuri akaniwekea karatasi nyeupe mezani. Akasema niandike mistari mitatu: sitoshi, nachoka, mtoto ataumia. Akasema atabeba mwenyewe kwa miguu. Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, ilikuwa kama ya dada kwa kaka mgonjwa. Nikashika kalamu. Nikairudisha mezani.

Hapana. Kuandika siwezi ni rahisi, kila mtu angeandika. Mimi nina mpango.

Mkaguzi anarudi mwisho wa mwezi. Nitazimia mbele yake. Puu, sakafuni! Wala si kuzimia kwa ovyo. Nimeona watu wakizimia nchi tatu, namjua aliyezimia vizuri na namjua aliyeharibu. Nitaangukia ubavu wa kulia, mkono kifuani, kofia ibaki kichwani. Watasimuliana mwaka mzima. Hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika nzuri juu ya mtu aliyelala chini.

Limebaki jambo moja la kupanga. Siku hiyo nifike saa kumi na moja alfajiri nimalize foleni yote kwanza. Siwezi kuzimia watu wanasubiri.