Uso Wangu kwa Msumari wa Bi Felista

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Shajara yangu mpendwa, salamu nyingi, na baada ya salamu naomba radhi. Sijakuandikia tangu Kwaresima. Sababu nilizo nazo hazitoshi, kwa hiyo sizitaji.

Habari yenyewe ni hii. Saa ya ukutani ya Bi Felista, mjane tunayeimba naye kwaya, imekufa. Sebuleni kwake Jang'ombe umebaki msumari mtupu. Jana baada ya ibada alisema, mbele yangu na mbele ya Bwana Mjaka, kwamba msumari ule unamtia upweke. Mjaka akanitazama. Nami nikamtazama. Seremala mstaafu yule! Besi yake hutikisa madirisha, na Pasaka alimchongea Bi Felista mbuzi ya nazi.

Nimeamua. Msumari ule utabeba uso wangu, kwa rangi, kazi ya mkono. Marehemu mke wangu Agnesi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba uso wangu ukitulia hufanana na mlango wa benki siku ya Jumapili. Basi mchoraji aonyeshe kilichomo ndani.

Nimempelekea Mundhir, mchoraji wa Shangani, picha yangu ya paspoti. Jioni nikamwandikia kwa simu: "Kwa heshima, naomba unichore nimekunja uso kabisa, mtazamaji asisahau." Sikurudia kuusoma ujumbe. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili hajisahihishi.

Alhamisi, 7 Agosti

Ee Mola wangu!

Nyusi mbili nene zimegongana kama mabeberu. Paji limejikunja kama mkeka. Macho mekundu, mdomo wa kijani uliopinda. Ni mimi, siwezi kukana. Lakini ni mimi nikifukuza mwizi!

Nikauliza kwa upole kulikoni. Mundhir akasema, "Mwalimu, si umetaka nikuchore umekunja uso? Nshakuchora." Nikamwambia nilitaka nimekunjua. Akanionyesha simu. Herufi u haikuwapo. Akakiri kwamba hata yeye alisita, ila nani wa kumsahihisha mwalimu? Akajitolea kunichora upya nikicheka, kwa wiki mbili.

Wiki mbili! Na Mjaka, nasikia, anamalizia fremu ya kioo. Nimeichukua hivyo hivyo. Pengine ndani ya nyumba haitaonekana sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Ilionekana.

Nilifika Jang'ombe na picha ndani ya shuka. Mjaka alikwishaketi, kioo mapajani. Bi Felista akafunua shuka. Akauliza, kwa adabu, kama nimegombana na mtu. Mjaka akasema ni mimi mtupu, hata harufu ya chaki anaisikia. Nikaomba radhi kwa niaba ya uso wangu.

Bi Felista akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaitwaa picha, akatoka nayo uani, akaiegemeza karibu na ungo wa dagaa waliokuwa wakianikwa. Kunguru wawili waliokuwa wakivizia wakaruka mpaka paa la jirani! Akapiga vigelegele. "Mwaka mzima nawakimbiza kwa fagio! Mwalimu, Mungu akuzidishie huo mkunjo wako!"

Kioo kikatundikwa msumarini. Mimi nikapewa dagaa.

Jumapili, 10 Agosti

Matumaini! Bi Felista amenieleza mlangoni mwa kanisa kwamba kunguru hawajarudi, na kwamba leo asubuhi alipotoka uani amenisalimu pale pichani, "Umeamkaje, mwalimu?" Amenisalimu! Mjaka yumo sebuleni, kweli, lakini katika kioo kile Bi Felista hujiona mwenyewe, hamwoni Mjaka.

Basi nimeandika posa, kwa kalamu, si kwa simu. Nimepata funzo kubwa. Kosa langu lilikuwa kupunguza herufi. Safari hii nimeongeza moja, kwa usalama: "Bi Felista, kwa unyenyekevu na taadhima, naomba idhini yako nikuoze."

Barua ataipeleka Bwana Mjaka, kwa kuwa kesho anakwenda huko kukaza msumari. Nimemkabidhi bila kuifunga, ishara ya kuaminiana. Ameisoma mara mbili, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema haina kosa hata moja.