Mama Mkwe na Kadi ya Urubani

Jumatatu, 3 Machi
Klabu ya droni imeninyima kadi. Mara ya pili! Bila kadi sirushi uwanjani kwao, na mke wangu keshapiga marufuku kurusha nyumbani. Kosa langu? Nilipita juu ya mechi ya watoto kuona nani anaongoza. Mkaguzi, nesi mstaafu, anasema droni haipiti juu ya vichwa vya watu. Jirani yangu fundi saa kadi kaipata mara moja tu. Anaivaa shingoni hata akienda kumwaga taka. Jumamosi narudia mtihani. Kadi nitaipata, kwa udi na uvumba.

Jumanne, 4 Machi
Sharti: kila rubani aje na mtazamaji, aikodolee droni macho na kupaza sauti kukiwa na hatari. Nataka mtu asiyeona mengi. Nimempata: mama mkwe! Miwani yake mizito ajabu. Kakubali, ila kataka kusoma kanuni kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Kazisoma zote. Kumbe miwani ni ya kusomea tu; mbali anaona kuliko mwewe. Balaa! Leo, kwenye mazoezi kiwanja cha shule, kanizuia kurusha mara tatu: upepo mkali, betri nusu, panga moja la droni lina ufa. Nikasema ufa huo hauna neno. Akanifungulia ukurasa wa kanuni. Nikabadilisha panga.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kaomba kushika rimoti kidogo. Mkwe humnyimi. Kairusha droni, kaituliza hewani, kaishusha palepale ilipoondokea. Ngekewa tu.

Jumamosi, 8 Machi
Mtihani. Nilikuwa naenda vizuri mpaka nilipomwona fundi saa pembeni, kakunja nne, kadi kifuani. Nikaona nimsogezee droni utosini, ajue mimi ni nani. Mama mkwe akasema, klabu nzima ikisikia: "Mkwe wangu, pale chini pana mtu. Shusha."

Nikajitia uziwi. Akanipokonya rimoti, akaishusha droni kwenye nyasi tupu, taratibu. Nesi akamwomba afanye mtihani wote tangu mwanzo. Kadi kapewa yeye.

Jumapili, 9 Machi
Nimelia bafuni, sifichi. Mama mkwe kanifariji: nitakuwa mtazamaji wake, na rimoti nitaishika siku akiridhika. Nimeitikia "ndiyo, mama" mara nne.

Halafu nikasoma kanuni, kwa mara ya kwanza. Mtazamaji akipaza sauti, rubani lazima ashushe. Hapo ndipo penyewe! Jumamosi nitapiga kelele kila akipaa, mpaka achoke aniachie rimoti. Nimeshaanza mazoezi ya sauti. Majirani wawili wametoka nje kuuliza kuna nini.