Noah Yangu na Masale ya Wifi Dafroza

Jumatatu, 8 Septemba

Noah yangu imetoka kwa fundi Shakiru. Mungu ni mwema. Imeinuliwa mpaka napanda kwa kigoda. Mashine imetolewa kwenye gari nyingine, rangi mpya ya maziwa, honi ya basi. Nikiipiga, mtaa wetu mzima wa Pasua unatoka nje, na mimi napenda watu wakitoka nje.

Kasoro moja ndogo. Ukiwasha, dashibodi inawaka mataa kama baa. Kuna ya njano, kuna birika jekundu, kuna mtu amepakata mpira, kuna duara jekundu lenye alama ya mshangao katikati. Shakiru anasema mashine mpya na dashibodi ya zamani hazijazoeana, taa nyingine zinasumbua bure. Ila hilo duara ni la breki, mama Joyness, hilo usilidharau. Nikamwambia sawa. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa najaribu honi.

Sasa shabaha. Jumamosi Dainess anaolewa, mtoto wa wifi yangu Dafroza wa Kibosho. Nilimbeba mgongoni huyo mtoto, mama yake alipolazwa. Nataka nimbebe tena, kumpeleka kanisani, kwa gari yangu. Tatizo Dafroza hasemi na mimi tangu Pasaka, na kazi ameshampa shemeji Vedastus mwenye Crown nyeupe. Kisa eti nilitangaza kwamba pombe yake ya mbege ya kipaimara hakupika, alinunua Bomang'ombe. Sikutangaza. Niliwaambia watu wa sokoni tu. Na dumu nililiona kwa macho yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempakia jirani Rahma kiti cha mbele, nimzungushe mjini, akasifie gari kwa watu, sifa zifike Kibosho. Rahma ana mdomo kunizidi. Namshukuru Mungu kwa majirani wa namna hii.

Ametazama dashibodi, akauliza kama gari ina homa. Nikasema ni mapambo. Akasema mapambo gani yanalia. Tulipofika kona ya msikitini akakumbuka ameacha maharage jikoni, akashuka. Asubuhi aliniambia gesi imemwishia.

Hapo ikaniingia. Hizi taa zitaninyima bibi harusi.

Jumatano, 10 Septemba

Shakiru amekataa kuzizima. Nimembembeleza mpaka nikamwita mwanangu. Anasema yeye kazi yake kutengeneza magari, si kuwazika wateja.

Haya. Nimepita stendi nikanunua stika kubwa, maandishi ya dhahabu, ASANTE YESU. Nimeibandika juu ya taa zote. Imekaa kama imezaliwa pale. Ukiwasha, wekundu unatokeza kwa nyuma taratibu, unajisikia uko kanisani. Mume wangu Stanley ameingia, ametazama, akasema hajapenda. Stanley hata friji hakuipenda.

Ijumaa, 12 Septemba

Niko hai. Asante Mungu, asante migomba.

Wazo lilikuwa nipande Kibosho bila kuitwa, Dafroza aione gari, amsahau Vedastus hapo hapo. Nimepanda. Gari nzito, nikasema ni mlima. Harufu ya kuungua, nikasema kuna mtu anachoma mabua. Harufu ikanifuata kijiji hadi kijiji, nikasema watu wa huku mwaka huu wamevuna vizuri.

Kwa Dafroza njia inateremka mpaka uani. Nikapiga honi watoke. Wakatoka, kamati nzima ya harusi. Nikakanyaga breki, mguu ukazama kama nimekanyaga mto wa kulalia. Nikarukia hendibreki niivute. Ilikuwa imevutwa tayari. Ilikuwa imevutwa tangu Pasua, ndiyo iliyokuwa ikiungua.

Gari ikapasua ua wa mimea ya masale, ikalaza migomba miwili, ikasimama. Moshi. Nikashuka bila kigoda.

Dafroza akaja na kisu cha kumenyea ndizi. Uso ule sijawahi kuuona. Ndipo baba mkwe wake, mzee Filemon, akavua kofia, akanyoosha fimbo kwenye pua ya gari. Masale yalikuwa yamejaa pale, marefu, mabichi, bampa haionekani. Akasema huyu mama amekuja na isale.

Mimi nimezaliwa kwenye kambi za miwa, lakini nimeolewa Uchagani muda wa kutosha kujua. Mtu akikujia na jani la isale kuomba msamaha, hukatai. Dafroza akasema, baba, hayo ni masale yangu, ameyang'oa sasa hivi unamwona. Mzee akasema tangu azaliwe hajasikia isale likiulizwa limechumwa wapi. Halafu akamuuliza, wewe nani aliwahi kukuletea gari zima la isale?

Kamati ikaanza kucheka. Dafroza akashindana na mdomo wake, ukamshinda. Akasema, karibu ndani, wifi, unanuka moshi.

Wifi. Tangu Pasaka sijaitwa hivyo. Nimelia mpaka supu ikapoa.

Jumapili, 14 Septemba

Jana Dainess alikwenda kanisani na Crown ya Vedastus. Iwe hivyo. Crown ilisimama mahali ilipotakiwa kusimama, siwezi kuisema vibaya. Mimi nilipewa kiti meza ya familia, na supu ya kisusio ya moto, bakuli la kwanza kabisa. Dafroza alilileta mwenyewe.

Kabla ya muziki Dainess akaja migombani na shela lake, viatu mkononi. Akasema anti, panda. Tukakaa ndani ya Noah, mimi kwenye usukani, yeye kiti cha mbele, majani ya migomba yameingia dirishani. Akanishika mkono, mpiga picha akapiga. Nimembeba. Haikwenda popote lakini nimembeba.

Leo Shakiru amepanda kutengeneza breki. Alipobandua stika na kuwasha, duara likawaka, jekundu, limetulia, hendibreki ikiwa bado juu. Alinitazama tu, kisha akaishusha, duara likazimika. Nikamwambia, baba, nimekuelewa, nimejifunza.

Sasa stika imechanika, haishiki tena. Na birika na yule wa mpira bado wanawaka. Kwa hiyo nimechuma masale mapya, upande wa ua uliobaki, nimeyapanga dashibodi nzima. Yanafunika kuliko stika. Na yananukia.

Jioni nimemzungusha Rahma, safari hii hakukumbuka maharage. Amesifia majani. Kwa furaha nikamwonjesha habari kidogo, kwamba mbege ya harusi ilitoka kwenye dumu lile lile la Bomang'ombe, lenye mfuniko wa bluu. Ameapa hatasema.

Akisema, majani ninayo, tena yako mbele kabisa.