Mbuzi wa Masikio Mazima na Haki Yangu ya Kibakteria

Alute Amosi,
Unyambwa, Singida.
Desemba 1993

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako, kwa kuwa siku hizi mambo ni ruksa na magazeti yamekuwa mengi kuliko wasomaji. Jirani yangu Kefa amenishtaki kwa mwenyekiti eti nimekula mbuzi wake. Tena amegoma kuniazima maksai, na mvua ndiyo hiyo imeanza. Nisipolima wiki hii, watoto watakula nini? Naumia sana, ndugu yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbuzi nilimla, sikatai. Lakini nilimkuta zizini kwangu ana masikio mazima, na Unyambwa nzima inajua mbuzi wangu hukatwa ncha ya sikio la kushoto. Asiye na alama si wetu, na asiye wetu akiingia ni wa kisu.

2. Binti yangu Marietha, anayesoma chuo Morogoro, alinieleza kwamba hata bakteria wanafuata sheria hii. Ndani yao mna kimeng'enya kinachopita kwenye DNA, ule uzi wa maelekezo ya uhai, kikisoma herufi zake. Kikikuta GAATTC kinatia alama ya methili kwenye A ya pili: huyu wetu. Nyuma yake kuna kimeng'enya kingine, chenyewe ni kisu kitupu. DNA ya virusi ikiingia haina alama pale, inakatwa vipande. Hakuna kikao wala mwenyekiti.

3. Bakteria hana hata kichwa, anaruhusiwa. Mimi ninayelipia kichwa changu kodi nazuiwa!

4. Kefa mwenyewe nilimwalika. Alikula mguu, akasifu mchuzi. Bakteria gani anamkaribisha virusi mezani?

5. Serikali iifanye sheria hii ya wote: kuku, baiskeli, na hao wagombea wa vyama vipya. Wakaguliwe masikio kabla hawajapanda jukwaani.

Wasalimie wachapaji na wote wa nyumbani kwako. Wakubwa wape shikamoo zao.

Mimi mdai haki,
Alute Amosi

N.B. Mbuzi wa Kefa ameonekana Utemini, mzima. Marietha anasema sikumsikiliza hadi mwisho, nilikimbilia kisu. DNA ikijinakili, uzi mpya huwa bado hauna alama, ila umeshikana na wa zamani wenye alama, basi kisu kinausamehe mpaka nao utiwe yake. Niliyemla alizaliwa humu humu zizini, akimfuata mama yake mwenye sikio lililokatwa, nami nilikuwa sijamkata lake. Kefa amecheka mpaka akakaa chini, na maksai amenipa. Ila mbuzi yule alikuwa wa mama Marietha, na tangu jana hakuna anayenipikia.