Ukuta Wangu, Jasho la Fundi

Jumatatu, 4 Machi
Baba Mkubwa amestaafu. Kiti cha kampuni ya simu kiko wazi! Minara yote ile, vocha zote zile, na dereva juu. Tumebaki wawili wa kukigombea: mimi na binamu yangu Miwani, aliyesoma mpaka macho yamechoka. Mimi na shule tuliachana kidato cha pili, kwa amani kabisa. Lakini Babu hababaishwi na vyeti. Alianza kama fundi mwashi. Kampuni zote hizi, za ujenzi, za redio na televisheni, za simu, amezitoa kwenye mwiko na karai. Kwa hiyo sheria ya ukoo ni moja: hupewi ofisi mpaka ujenge ukuta kwa mikono yako. Babu anakuja, anauegemea kwa mwili mzima. Ukisimama, na wewe umesimama. Shangazi, bosi wa televisheni, alijenga wake akiwa na mimba.
Babu amekonda. Koti linamning'inia kama la kuazima. Anasema tufanye haraka.

Jumanne, 5 Machi
Nimechanganya saruji. Ikawa uji. Nikaongeza saruji, ikawa jiwe, beleshi likiwa ndani! Miwani akaniuliza kama beleshi nimelizika au nimelipanda. Nikamwambia ashughulike na ukuta wake, umepinda kama mtu anayechungulia dirishani. Hakununa. Akabomoa, akaanza upya. Vidole vimemchubuka, masikini. Akili nyingi, ujanja hakuna.
Jioni nimeonana na fundi mmoja wa kampuni. Tumeelewana.

Jumatano, 6 Machi
Miwani amempeleka Babu hospitali. Bahati iliyoje! Uwanja mtupu. Fundi amejenga, mimi nikakaa kivulini kumsimamia, maana kiongozi husimamia. Ukuta umenyooka kama uliopigwa rula. Fundi, huku ananawa, akaniuliza, je, siku nikiambiwa nijenge mwingine? Nikacheka. Nani hujenga kuta mbili katika maisha yake?
Kisha nikamwita mpiga picha wa televisheni yetu, nikajipaka saruji shavuni. Nimetokea kwenye taarifa ya habari! Kidogo tu, lakini upande wangu mzuri.

Alhamisi, 7 Machi
Babu amekuja na fimbo. Akauegemea ukuta wa Miwani. Ukatikisika kidogo, ukatulia. Akauegemea wangu, akafumba macho. Alikaa hapo muda mrefu, kama mtu aliyefika nyumbani. Akapitisha kiganja kwenye viungo vya matofali. Akasema kazi ya namna hii hajaiona tangu ujana wake. Miwani akanipa mkono, eti hongera, ndugu yangu.
Babu anataka kesho niende makaburini, alikolala Bibi. Nivae nguo za kazi. Ajabu, mtu kukabidhiwa kampuni makaburini! Wakubwa wana mambo yao. Nimenunua tai.

Ijumaa, 8 Machi
Mkono hautaki kuandika.
Shimo limeshachimbwa, kando ya Bibi. Matofali, mchanga, saruji, maji. Babu kwenye kiti cha plastiki, Miwani nyuma yake. Babu akasema daktari amemwambia ukweli. Akasema kaburi la Bibi alilijenga mwenyewe, hakutaka mkewe azungukwe na kazi ya mikono ya kulipwa. Na yeye anataka alale ndani ya kazi ya damu yake. Ndiyo maana aliharakisha zile kuta.
"Shuka, mjukuu wangu," akasema. "Nijengee kama ule."
Nikashuka. Na tai.
Tofali la kwanza likalala upande. La pili likaliangusha la kwanza. Huko juu Babu akaiegemeza fimbo kitini. Heri angenitukana! Mara nikaona viatu vya Babu vinashuka ngazi. Miwani alimkataza, hakusikia. Akanishika mkono, tukalaza tofali moja pamoja. Likakaa. Akasema hivyo hivyo, baba, taratibu, hata la kwake la kwanza lilianguka. Hakuuliza nani aliujenga ule ukuta. Kisha kikohozi kikamshika.
Nikambeba kumpandisha. Mwepesi! Kama kikapu kitupu. Miwani akashuka, akajenga mpaka jua likazama. Hakunicheka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 10 Machi
Kampuni ya simu amepewa Miwani. Mimi nimeitwa chumbani kwa Babu. Nikajua leo fimbo. Wapi! Amesema kila asubuhi, maadamu bado ana pumzi, niende uani anifundishe kujenga. Sisi wawili tu, mpaka ukuta wangu mwenyewe usimame. Akasema makampuni watagawana ndugu, lakini ufundi huu anataka kunipa mimi. Nikalia. Kweli nililia, tena kwa sauti.
Baadaye nikakaa nikafikiri. Asubuhi? Kila siku? Nimempigia fundi simu. Ana mdogo wake, urefu wangu, mabega yangu. Atavaa kofia yangu na hatasema sana. Babu haoni vizuri siku hizi.